Sentensi Kumi za Kweli

Bwana Vitenzi hakukubali sentensi ya uongo. Hilo lilikuwa sharti lake la kwanza kwa wanafunzi watatu waliokuja sebuleni kwake kujifunza Kihispania, na kwa miaka miwili hakulilegeza hata kidogo. Kila Jumamosi asubuhi kila mwanafunzi alileta sentensi kumi alizoziandika nyumbani, na kila moja katika hizo kumi ilipaswa kusema jambo lililotokea kweli, kwa mtu mwenye mwili na damu. Mwanafunzi akiandika kwamba amenunua farasi mweupe, mzee huvua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, kisha akauliza kwa upole mkubwa: "Na farasi huyo umemfunga wapi?"

Jina hilo la Bwana Vitenzi alibandikwa na wanafunzi wa zamani, naye alilipokea kama mtu apokeavyo cheo. Kwa miaka ishirini alikuwa mkalimani wa kampuni moja ya kigeni, akikaa baina ya watu wasioelewana lugha, akichukua neno la huyu akilipeleka kwa yule. Alipostaafu, na mkewe alipotangulia mbele ya haki, alibaki na nyumba ya vyumba viwili, viti vinne, na mlango ambao upande wa ndani aliupaka rangi nyeusi ili aandikie chaki.

Wanafunzi wenyewe walikuwa mfamasia mmoja mcheshi, binti mpokezi wa wageni katika hoteli, na muuguzi wa makamo ambaye hospitalini na mtaani aliitwa Sista. Huyu Sista hakujia Kihispania kwa starehe. Wodi yake ilikuwa imepata madaktari wawili wanaozungumza lugha hiyo, na kila zamu zilipobadilishana walisimama kando ya vitanda wakiulizana kwa mikono. Kwa muuguzi, jambo lililokwisha kufanyika na jambo ambalo bado ndiyo tofauti baina ya mgonjwa aliyechomwa sindano mara moja na mgonjwa aliyechomwa mara mbili. Ndipo akaamua kujifunza kusema kwa usahihi lipi limekwisha.

Na somo hilo hasa ndilo Bwana Vitenzi alilolipenda kuliko yote. Miezi mitatu mizima hawakutoka humo.

"Wenye lugha hii," alieleza akiwa ameshika chaki, "wakitaka, hawatosheki na kusema nimefanya. Huchukua kitenzi cha kawaida, kuwa na, au kubeba, au kuacha, au kubaki, wakakitanguliza mbele ya tendo lililotimia. Papo hapo tendo lile hugeuka kuwa kitu kinachokaa. Tengo escrita la carta. Ninayo barua, imeandikwa. Uliiandika, ikaisha, na sasa iko mikononi mwako. Unaweza kuulizwa iko wapi."

"Basi nisikilizeni mimi," alisema mfamasia, akafungua daftari lake. "Tengo lavados los calcetines. Ninazo soksi zangu, zimefuliwa."

"Kweli hiyo?" aliuliza mpokezi wa wageni.

"Wallahi. Kamuulize mke wangu."

"Mkeo ndiye aliyezifua?"

"Dada, sentensi haikusema nani kafua. Imesema ninazo, na zimefuliwa. Mwalimu, si sahihi?"

"Sahihi kabisa," alijibu mzee huku akicheka mpaka mabega yakatikisika. "Pole kwa mkeo. Haya, Sista."

Sista alisoma yake: Llevo vacunados cuarenta niños. Tangu wiki ianze alikuwa amekwisha kuchanja watoto arobaini, na bado alikuwa akiendelea. Mzee alitia alama ya vema kwa wino mwekundu, akasema kwamba huyu ndiye mwanafunzi anayeandika kama mtu anayekula kiapo.

Daftari zao alikuwa akizichukua, akazisahihisha kwa wiki nzima, akazirudisha Jumamosi ifuatayo. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia maneno ambayo Sista aliyashika: "Mtaniandikia mambo ya nyumbani kwenu, kwa kuwa ukweli wa mtu uko nyumbani kwake. Msiogope. Nimebeba maneno ya watu miaka ishirini, na sikumwaga hata moja. Nikilifunga daftari, limefungwa." Sista, ambaye kazi yake mwenyewe ni kuona watu uchi na kunyamaza, alimwamini mara moja. Alimwona ni mtu wa kazi moja naye.

Kwa hiyo aliandika. Mwanzoni aliandika ya wodini, kisha ya jikoni, kisha, kidogo kidogo, ya baba yake.

Baba yake alikuwa mjalidi, mshonaji wa vitabu. Misahafu iliyochanika, daftari za maofisini, kamusi za wanafunzi, vyote vilipita juu ya meza yake vikatoka na mgongo mpya na ngozi inayonukia gundi. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikatwa na kisu cha mashine ya karatasi angali kijana, na hicho nacho Sista alikiandika: Mi padre, encuadernador, tenía cortado un dedo. Kazi ile baba alimfundisha mwanawe wa kwanza, kaka yake Sista, tangu kijana huyo hajui kuvaa viatu vyenye kamba. Walikuwa chanda na pete. Kisha kaka, alipofika umri wa miaka ishirini na minane, alitaka mashine za kisasa na herufi za kuchapa. Baba alikataa, wakarushiana maneno, na kaka akatoka akafungua kiwanda chake mwenyewe, ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, dirisha likitazamana na dirisha. Nusu ya wateja walivuka barabara pamoja naye. Baba alikula yamini kwamba kijana yule hatakanyaga kizingiti chake tena. Kwa miaka tisa walipishana njiani kama watu wasiojuana, huyu akitazama ukuta na yule akitazama viatu vyake.

Baba alipopooza upande mmoja, ni Sista aliyemuuguza. Miaka mitatu alimgeuza ubavu, alimlisha kwa kijiko, alifua shuka kabla ya kwenda kuosha majeraha ya watu wengine. Mke wa kaka alileta chakula mara kadhaa. Baba alikirudisha bila kukifunua.

Ikawa Jumanne moja asubuhi, Sista akimnyoa ndevu kitandani karibu na dirisha, mzee akamshika mkono wenye wembe. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili zake zilikuwa timamu. Alimwambia: "Mwambie kaka yako radhi yangu anayo. Na yeye ndiye anishushe kaburini."

"Nitamwambia, baba," alijibu Sista.

Na alikusudia kumwambia. Lakini jioni ile, akikamua shuka uani, moyo wake ulimgeukia. Nani aliyeamka alfajiri miaka mitatu? Nani aliyekosa kuolewa na yule mtu mwema aliyechoka kungoja? Kaka alikuwa ng'ambo akichapa kadi za harusi za watu, na sasa ndiye anayepelekewa radhi kwenye sinia. Akasema moyoni, angoje mpaka kesho, imuume kidogo. Kesho yake akasema tena kesho. Alhamisi baba akakata roho.

Makaburini, waliomshusha mzee walikuwa binamu wawili na jirani. Kaka alisimama safu ya mwisho, mikono kifuani, akijihesabu kuwa mwana aliyelaaniwa, na hakuna aliyemwita mbele. Sista hakuitoa kauli ile siku hiyo, kwa kuwa kuitoa kungekuwa kukiri kwamba alikaa nayo siku mbili. Siku mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Mara tatu katika miaka iliyofuata kaka alimuuliza, akiwa ametazama pembeni kama mtu anayeuliza saa: "Mdogo wangu, baba hakuniachia neno?" Na mara zote tatu alimjibu: "Hakuwa na nguvu za kusema, kaka." Baada ya mara ya tatu hakuuliza tena. Aliendelea kuja kumwona kila mwezi, akimtengenezea bawaba za milango na kumsomea bili za maji, na wema huo ulimuuma Sista kuliko tusi lolote.

Ilipofika wiki ya kitenzi cha kuacha, Bwana Vitenzi aliandika mlangoni kwamba mtu akiacha kauli kabla ya kuondoka, na kauli ile ikabaki baada yake, wenye lugha husema dejó dicho. Sista alirudi nyumbani, akaketi mezani, na mkono wake ukaandika wenyewe:

Mi padre dejó dicho que perdonaba a mi hermano.

Na chini yake:

Tengo guardado el recado desde hace once años.

Msamaha ambao baba aliuacha kwa kaka, na miaka kumi na moja aliyouweka, vyote vilikuwa katika mistari hiyo miwili. Hakuona kwamba anatoa siri. Aliona kwamba anaizika mbali, katika udongo wa watu ambao hakuna jamaa yake atakayefika. Jumamosi iliyofuata mwalimu alimrudishia daftari likiwa na alama mbili nyekundu, akamtazama juu ya miwani, akasema tu: "Sentensi safi, Sista. Na nzito." Alikwenda nyumbani siku ile akiwa mwepesi kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

Miezi minane baadaye, Jumamosi ya aina ile ile, walikuta juu ya meza ya Bwana Vitenzi vitabu vitatu vipya vimefungwa kwa utepe. Mzee alikuwa amenyoa na kuvaa koti. Alikaa kitini akijaribu kutotabasamu.

"Fungueni," alisema. "Ni jasho langu, na lenu."

Kitabu kilikuwa na jalada la kijani lililoshonwa vizuri sana, na juu yake kumeandikwa *Mambo Yaliyotimia: Kihispania kwa Mifano ya Kweli*. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na sentensi za Kihispania, wa kulia tafsiri yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Katika dibaji mwandishi alieleza kwa lugha tamu kwamba hakuna sentensi hata moja humo iliyobuniwa; zote zilitoka katika maisha ya wanafunzi wake, na majina tu ndiyo yaliyoachwa.

"Jamani, soksi zangu hizi hapa," alisema mfamasia. "Ukurasa wa kumi na mbili. Nimeingia katika elimu kwa miguu."

"Mkeo akiziona atadai haki yake," alisema mpokezi wa wageni, naye akaanza kupekua, akisoma huku na huku kwa furaha. "Hii yangu ya funguo za chumba. Hii ya Sista ya watoto arobaini. Na hii je? 'Baba yangu, mjalidi wa vitabu, alikuwa na kidole kimoja kilichokatika.' 'Baba yangu aliacha kauli kwamba amemsamehe kaka yangu.' 'Ninao ujumbe huo, nimeuweka, huu mwaka wa kumi na moja.'" Alifuata mstari kwa kidole. "Maskini. Huyu naye ni nani? Kwa nini asiufikishe?"

Mfamasia aliinua macho, akamwona Sista alivyokishika kitabu bila kukifungua, na uso wake ulivyoingia jivu. Mcheshi yule alifunga daftari lake polepole, akamwambia binti kwamba amekumbuka dawa fulani zinangoja kufunguliwa dukani, amsindikize. Binti alianza kushangaa, kisha akaelewa, akaona haya. Waliondoka bila kuagana vizuri.

Sista alibaki kitini. Nje mtu wa jirani alikuwa akikung'uta zulia.

"Ulisema ukilifunga limefungwa," alisema hatimaye.

"Sikutaja jina la mtu, mwanangu."

"Ulitaja kidole."

"Nilikifikiria kidole," alijibu mzee, na ilionekana kweli alikifikiria. "Nilikaa siku mbili na sentensi ile. Nikasema nitie sikio badala ya kidole, au nimfanye baba awe seremala. Lakini ingekuwa uongo, Sista. Na kitabu chote kimesimama juu ya kutosema uongo. Mtu mmoja akigundua moja si kweli, zote zimeanguka."

"Ungeiacha."

"Ndiyo nzuri kuliko zote."

Alilisema hilo bila hila, kama fundi anavyosifu mbao. Hapo ndipo Sista alipoelewa. Mtu huyu hakumchukia, wala hakumwonea wivu, alimheshimu. Miezi minane alikuwa akimkaribisha chai, akimsahihisha viambishi, akimuulizia afya, na muda wote huo alikuwa amekwisha kunakili maisha yake kwa mwandiko safi ili yasomwe na wageni, kwa kuwa yalikuwa mfano mzuri.

"Umekichapisha wapi?" aliuliza, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanguka juu ya mshono wa kitabu. Uzi mweupe, mafundo yamefichwa ndani ya kurasa, kingo zimekatwa sawasawa. Mshono ule aliujua tangu utotoni. Hakuhitaji kujibiwa.

"Kwa yule fundi wa barabara ya nyuma, mwenye kiwanda kinachotazamana na nyumba yenye dirisha la zamani la ujalidi. Mjini hapa hakuna mkono kama wake."

"Ile nyumba ni ya baba yangu," alisema Sista. "Na yule fundi ni kaka yangu."

Bwana Vitenzi alivua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliishika tu, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mzee sana.

"Alikipokea lini?" aliuliza Sista.

"Mwezi uliopita. Alinikabidhi kazi siku kumi na nane zilizopita. Mimi ndiye niliyeviweka hapa mpaka leo, nikitaka niwape kwa pamoja."

"Alisema neno?"

Mzee aliweka miwani mezani. "Aliniuliza jambo moja tu. Aliniuliza kama ni kweli, kama nilivyoandika katika dibaji, kwamba sentensi zote ni za kweli. Nami nikamjibu." Aliinamisha kichwa. "Nilimjibu kwa fahari. Nilimwambia, zote, fundi, neno kwa neno, nakuapia."

Sista alisimama.

"Nitaukata ukurasa ule," alisema mzee, naye akisimama kwa shida. "Vitabu ni mia tatu, vingi viko humu chumbani. Nitakaa nikate mmoja mmoja kwa mkono wangu, Sista. Hakuna atakayeusoma."

"Mtu niliyemficha ndiye aliyevishona," alimjibu. "Sasa utamkatia nani?"

Alikiweka kitabu juu ya meza, upande wa mzee. Hakumtolea salamu. Katika miaka miwili hakuwahi kuondoka katika nyumba ile bila kusema kwaheri mwalimu, na wote wawili walilisikia pengo hilo.

Kutoka kwa Bwana Vitenzi hadi kiwandani ni mwendo wa robo saa. Sista alipita mbele ya duka la vioo, akapita mbele ya kinyozi aliyemwita kwa heshima kumuulizia dawa ya kikohozi, akamjibu, na baadaye hakuweza kukumbuka alimjibu nini. Hasira yake juu ya mzee ilikuwa ikiwaka, na aliikumbatia, maana ilimpa joto. Alijisemea kwamba amesalitiwa, na alikuwa mkweli. Alijisemea pia kwamba akifika atamweleza kaka jinsi alivyosalitiwa, jinsi mtu mzima alivyovunja amana. Lakini kila alipolitamka neno amana moyoni, lilisimama likamtazama, na kufikia kona ya mwisho hasira ile haikuwa tena na mahali pa kukaa.

Wifi yake alikuwa kaunta, akifunga risiti kwa mpira. Alimwona, mikono ikasimama.

"Yuko ndani," alisema wifi, bila karibu.

Kaka alikuwa kwenye meza ndefu, akikunja karatasi kubwa kuwa kurasa. Nywele zake za kichogoni zilikuwa zimeota mvi kama za baba. Alikunja, akapitisha kiganja, akaweka juu ya fungu, akachukua nyingine.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba." Alikunja nyingine. "Nimekungoja siku kumi na nane."

"Nimekijua kitabu leo, kaka. Nakuapia. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Kitabu umekijua leo," alisema. "Jambo lenyewe umelijua lini?"

Kaka alichukua karatasi nyingine.

"Mimi sisomi vitabu ninavyochapa," aliendelea, sauti yake ikiwa ya kawaida, karibu ya mazungumzo. "Hukagua tu kama mstari umepinda, kama herufi imefifia. Nilikuwa nakagua hivyo, nikaona kidole. Nikacheka. Nikasema, kumbe duniani kuna mjalidi mwingine wa aina ya baba. Kisha nikaona mstari wa pili." Aliweka karatasi chini. "Nilikwenda kunawa uso. Nikarudi nikausoma tena, ulikuwa ule ule. Mke wangu aliniambia nikatae kazi, nimrudishie mzee makaratasi yake. Nikamwambia, kauli ya baba imenifikia kwa njia hii, siwezi kuichapa vibaya. Nimevishona vyote mia tatu kwa mkono. Mashine sikuigusa."

"Kaka, nilikosa."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza."

"Mara ya pili tulikuwa kwako, unanimenyea chungwa. Nakumbuka ulivyolimenya mpaka mwisho, ganda halikukatika." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa unaona raha, mdogo wangu?"

"Mwanzo, ndiyo," alisema Sista. "Siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo ilikuwa hofu."

Kaka alitikisa kichwa kama aliyeletewa kipimo alichokitarajia. Alivuta kigoda, akakaa, akamwachia yeye asimame.

"Kitabuni imeandikwa kwamba alinisamehe. Baba hakuwa mtu wa neno hilo. Hakusamehe hata paka. Alisemaje? Nataka maneno yake, kama yalivyotoka."

Hapo Sista alielewa kwamba bado ana kitu mkononi. Kitabuni aliandika nusu tu. Ile nusu ya pili hakuiandika kwa lugha yoyote, na hakuna mwanadamu aliyeijua. Angeweza kusema, alisema radhi yake unayo, basi, na kaka angeondoka na kitu chema, na yeye angebaki na kosa dogo kuliko lilivyo. Ingekuwa hata ni huruma. Kuna jambo gani la kufanya sasa, na baba ana miaka kumi na moja chini ya udongo? Alimtazama kaka yake alivyokaa kigodani, viganja juu ya magoti, kama mtoto aliyeambiwa atulie apakwe dawa. Alijua akiyameza haya pia atayabeba mpaka yeye naye ashushwe.

"Alisema hivi," alisema. "'Mwambie kaka yako radhi yangu anayo. Na yeye ndiye anishushe kaburini.'"

Kaka alibaki vile vile. Huko kaunta wifi aliacha kuhesabu risiti.

"Anishushe," alisema kaka.

"Ndiyo."

"Mimi."

"Alisema, na yeye ndiye."

"Nilisimama safu ya mwisho," alisema kaka, akizitazama karatasi zilizokunjwa. "Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza mbona viatu ni safi. Viatu vyangu havikupata hata udongo." Alijifuta uso kwa mkono mzima, kutoka paji hadi kidevu. "Hilo la radhi nilikuwa nimeanza kulizoea, tangu nilipousoma mstari ule. Nilikuwa nasema, alhamdulillahi, imechelewa lakini imefika. Hili jingine nitalifanya nini? Hili halifiki tena."

"Nisamehe, kaka." Alisema huku akipiga magoti juu ya vipande vya karatasi vilivyotapakaa sakafuni. "Sina la kujitetea. Nisamehe."

Kaka alimwangalia. Hakukuwa na ukali machoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sijui," alisema. "Inuka, utachafuka. Sijui, na sitakudanganya. Usimtume mtu kuja kuniuliza, wala mimi sitamwachia mtu kauli akuletee. Siku moyo wangu ukiwa tayari, nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, nikwambie kwa mdomo wangu. Ukiona sijaja, ujue haujawa tayari."

"Na usipokuwa tayari mpaka mmoja wetu aondoke?"

"Basi utajua inavyokuwa kungoja."

Alisimama, akavua aproni, akaitundika msumarini. Alitafuta viatu vyake chini ya meza, akavivaa bila kuvifunga vizuri, na alipokuwa akipita kaunta alimwambia mkewe kwamba anakwenda kwa baba. Sista aliinua mguu amfuate. Kaka, bila kugeuka, aliinua kiganja nyuma yake, akakishikilia hapo hewani mpaka alipotoka mlangoni, na Sista akabaki aliposimama.

Wifi alitoka nyuma ya kaunta akiwa na ufagio. Alianza kufagia vipande vya karatasi, akavikusanya mpaka vikafika kwenye miguu ya mgeni wake, akangoja. Walikuwa wamejuana miaka ishirini. Walikuwa wameshikana mikono katika misiba na kucheka pamoja katika harusi, na kwa muda wote huo yule mwanamke hakuwahi kumwita kwa namna nyingine ila wifi, wifi yangu, wifi yangu wa pekee.

"Sista," alimwambia kwa adabu kamili, kama mgonjwa anavyomwita muuguzi asiyemjua. "Naomba unipishe nifunge."

Sista alimpisha. Nje jua lilikuwa limesimama juu ya barabara, na ng'ambo, katika nyumba ya baba alimokuwa bado akiishi, dirisha la ujalidi lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha asubuhi. Alitazama upande ule kaka yake alikokwenda. Kaka alikuwa akikaribia kupinda kona ya makaburini, akitembea haraka, na kamba za viatu vyake zilikuwa zikiburutika vumbini.